Shemeji alizidiwa na dawa ya wadudu shambani: kwa nini mboni zilisinyaa na misuli ikawa inarukaruka?

Shamba_Mpunguzi

Mbukwenyi wakuu! Na wasio Wagogo, habari za leo.

Naomba kueleweshwa jambo. Mwezi uliopita tulilaza mgonjwa, nikauliza kilichompata, nikaambiwa "dawa imeingia kwenye neva". Basi, ikaishia hapo. Silaumu mtu, wodi ilikuwa imejaa, ila mimi ukinipa jibu nusu huwa silali.

Mgonjwa ni shemeji yangu, mdogo wake baba watoto. Tuna zabibu Mpunguzi, na siku hiyo alikuwa anapulizia dawa ya wadudu, mchana, jua la Dodoma mnalijua. Bomba letu la mgongoni mpira wa mfuniko umechoka, kwa hiyo kila akiinama kupita chini ya waya dawa inamchuruzikia mgongoni. Kavaa fulana tu. Alipokuja kula fulana imelowa chapachapa, nikamwambia abadilishe, akasema "ni jasho hili, shemeji". Akala ugali na mlenda vizuri, akajilaza.

Jioni ikaanza. Kwanza analalamika macho yana ukungu. Mara mate yanamtoka hayakatiki, jasho, kutapika, kuharisha. Nilipomtazama machoni nikashtuka: mboni zimesinyaa, imebaki nukta. Na hapo tulikuwa ndani, gizagiza, ambako mboni ya mtu hutakiwa kupanuka. Nikamshika paja, nyama inarukaruka chini ya ngozi. Si kutetemeka kwa homa. Ni vipande vidogovidogo vya nyama, kila kimoja kinaruka kwa wakati wake.

Tukamkimbiza na Noah ya jirani. Hospitalini walimvua nguo zote wakamwosha kwa sabuni kabla hata hatujamaliza kujieleza. Halafu sindano ya atropini. Wanasubiri dakika chache, wanaongeza. Wanasubiri, wanaongeza. Mate yakakauka, kifua kikaacha kukoroma. Lakini usiku akawa haeleweki: ananyoosha mkono juu, anachuma kitu hewani kwa vidole viwili, anakiweka pembeni taratibu kwenye ndoo ambayo haipo. Anachuma zabibu! Mama mkwe akaanza kusali kwa sauti akidhani ndiyo safari.

Kesho yake akarudi kwenye akili zake, akaomba uji. Tukashukuru. Siku iliyofuata hawezi kuinua kichwa kwenye mto, shingo imelegea kabisa, pumzi inakwenda ikipungua. Akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Sasa yuko nyumbani, anatembea na kubishana kama zamani.

Sasa wakuu, dawa iliyomwagika mgongoni ilifikaje kwenye jicho, tumbo na paja kwa pamoja? Atropini ilifanya nini, na ile ya kuchuma hewani ilitoka wapi? Na kwa nini alipona halafu akalegea? Biolojia yangu ni ya kidato cha nne, nakumbuka mchoro wa neva yenye matawi na mshale. Nielezeni taratibu, nitafuata.

---

FundiUmeme_Kizota

Pole sana dada. Mimi si daktari, ila hili halihitaji kusoma mbali. Neva ni nyaya, ubongo ndio meni swichi. Sumu imekula plastiki ya nje, nyaya zimegusana, mwili mzima ukapiga shoti, ndiyo maana nyama zinaruka. Atropini imezima meni mpaka mambo yatulie. Mungu amzidishie afya.

---

TabibuWaZamu

Dada wa Mpunguzi, pole, na umefanya vizuri kumkimbiza. Maelezo yako yangetosha kufundishia darasa zima. Mimi ni tabibu, nimefanya kazi wilaya kadhaa za huku katikati, na wagonjwa wa namna hii huja kila msimu wa kupulizia. Jibu langu litakuwa refu, chukua chai.

Fundi, nakuheshimu, na nyaya za nyumbani kwangu huwa sizigusi mwenyewe. Lakini umetafuta hitilafu sehemu isiyo yake. Waya wa shemeji haukuungua popote. Jioni ile ungepima neva ya paja lake ungekuta inapitisha ishara vizuri tu. Tatizo lilikuwa pale neva inapoishia.

Neva haijaunganishwa na msuli, wala seli moja ya neva haijaunganishwa na nyingine kama tunavyodhani tukiangalia ule mchoro. Pale zinapokutana panaitwa sinapsi, na kuna mwanya. Kati ya neva na msuli mwanya huo ni kama nanomita 50. Unywele wako mmoja una unene wa nanomita 80,000 hivi, kwa hiyo usihangaike kuuona. Ni mdogo sana, lakini ni mwanya kweli, una majimaji ndani yake, na ile ishara ya umeme iliyosafiri kutoka uti wa mgongo ikifika ukingoni inafia hapo. Hairuki.

Kinachovuka ni kemikali. Ncha ya neva imejaa vifuko vidogo, na kila kimoja kina maelfu ya molekuli za asetilikolini. Ishara ya umeme ikifika, milango ya kalsiamu kwenye ncha inafunguka. Nje ya seli kalsiamu ni nyingi mara elfu kumi hivi kuliko ndani, kwa hiyo inaingia kwa kasi. Kalsiamu ikiingia, vifuko vinasogea kwenye ukuta, vinaungana nao na kumwaga asetilikolini mwanyani. Upande wa pili, kwenye msuli, kuna vipokezi. Molekuli 2 za asetilikolini zikikaa kwenye kipokezi kimoja, kinafunguka na sodiamu inaingia ndani ya msuli. Hapo umeme mpya unazaliwa, wa msuli wenyewe, na msuli unajikunja. Kuanzia ishara kufika hadi upande wa pili kuitikia ni chini ya milisekunde 1.

Watu walibishana sana juu ya hili, na wengi walikuwa upande wako fundi, kwamba umeme unaruka. Mwaka 1921 Otto Loewi, kule Graz nchini Austria, alitoa mioyo ya vyura wawili, ikabaki inadunda ndani ya maji ya chumvi. Moyo wa kwanza aliuacha na neva yake ya vegasi, akaichokoza kwa umeme, moyo ukapunguza mwendo. Akachota maji yaliyokuwa yanauzunguka akayapeleka kwenye moyo wa pili, ambao neva yake hakuigusa kabisa. Nao ukapunguza mwendo. Maji hayana waya. Kemikali ile ikaja kuthibitika kuwa ni asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi akagawana Tuzo ya Nobel na Henry Dale wa Uingereza. Mwaka 1938 Wanazi walimtia ndani, na ili wamruhusu kuondoka nchini wakamlazimisha akabidhi zile fedha za tuzo. Halihusiani na shemeji, lakini huwa linaniudhi kila nikilikumbuka.

Sasa twende kwenye ugonjwa wenyewe. Kumwaga asetilikolini ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuiondoa. Ikibaki mwanyani, msuli utaendelea kusikia "jikunje, jikunje" hata kama neva imeshanyamaza, na ishara inayofuata haitakuwa na maana. Kwa hiyo ndani ya mwanya ule ule kuna kimeng'enya, asetilikolinesterasi, ambacho kazi yake ni kuikata asetilikolini vipande viwili. Ni kati ya vimeng'enya vyenye kasi kubwa tunavyovijua: molekuli yake moja hukata maelfu kila sekunde. Nyingine hukatwa hata kabla hazijafika upande wa pili. Kipande kimoja, kolini, neva inakivuta ndani na kutengenezea asetilikolini nyingine. Ukiinua kikombe na kukirudisha mezani bila mkono kukakamaa, kimeng'enya hicho kimefanya kazi yake mara nyingi mno.

Dawa za wadudu za kundi la oganofosfeti (tazama kwenye lebo, jina la kundi huwa limeandikwa kwa maandishi madogo) zinakamata kimeng'enya hicho. Kimeng'enya kinaanza kuikata sumu kama kinavyokata asetilikolini, lakini kipande cha fosfeti kinanasa pale pale penye makali yake na hakitoki. Kemikali za ukoo huu zina historia mbaya: mwaka 1936 Mjerumani Gerhard Schrader alikuwa anatafuta dawa ya wadudu akapata tabuni, moja ya gesi za sumu za kivita. Mdudu anakufa kwa sababu ubongo wake unatumia asetilikolini. Wewe na mimi tunaitumia pia, na kimeng'enya chetu kinafanana na chake vya kutosha.

Na hiyo ndiyo sababu ya jicho, tumbo na paja kwa pamoja. Sumu ilipenya ngozi ya mgongo, ikisaidiwa na jasho na joto, ikaingia kwenye damu, ikafika kila penye asetilikolini. Kwenye jicho, ndiyo inayoamuru msuli unaofinya mboni. Kwenye tezi inaamuru mate, machozi na jasho. Kwenye utumbo inaamuru mwendo, ndiyo kuharisha. Kwenye njia za hewa inazibana na kujaza makamasi, ule mkoromo. Kwenye moyo inapunguza mwendo, kama kwa vyura wa Loewi. Na kwenye misuli ya paja ndiyo ule urukaji, nyuzi zinaitikia amri ambayo haifutwi. Kinachoua ni mapafu kujaa maji na misuli ya kupumua kushindwa. Mate ya mdomoni yanatisha zaidi macho ya ndugu, ila sisi tunasikiliza kifua.

Atropini haiondoi sumu wala haifufui kimeng'enya. Inakwenda kukalia vipokezi, asetilikolini ifike ikute mahali pamekaliwa. Ndiyo maana wanaongeza na kuongeza: ni mashindano, na asetilikolini imejazana. Daktari anaongeza mpaka kifua kikauke na mapigo ya moyo yapande. Lakini vipokezi vya asetilikolini viko vya aina mbili kubwa. Vya tezi, moyo, utumbo na mboni ni aina moja, hivyo atropini inavikalia. Vya misuli ya mkono na mguu ni aina nyingine, hiyo atropini haiviwezi. Ndiyo maana mate hukauka lakini nyama huweza kuendelea kuruka.

Kuchuma hewani: atropini inaingia hadi ubongoni, na huko nako vipo vipokezi hivyo. Ikizidi, mtu anaweweseka na kuokota vitu visivyokuwepo. Ni dalili inayojulikana duniani kote, ila zabibu na ndoo ni za kwenu. Aliyewahi kumwona mtoto aliyekula mbegu za mnanaha ameshaiona: mdomo mkavu, mboni zimepanuka, anaongea na wasiokuwepo. Mnanaha una atropini hiyo hiyo ndani yake. Mama mkwe mpe pole, lakini usiku ule, ukiniuliza mimi, shemeji alikuwa salama kuliko jioni.

Hatari ya pili ni hiyo ya shingo. Mwaka 1987 madaktari wa Sri Lanka waliieleza vizuri: baada ya dalili za kwanza kutulia, kati ya siku 1 na 4, shingo, mabega na misuli ya kupumua hulegea. Vipokezi vya msuli vikimwagiwa asetilikolini muda mrefu bila kupumzika huacha kuitikia. Amri zinatolewa, upande wa pili umechoka kusikia. Kumwambia mgonjwa ainue kichwa kwenye mto ndicho kipimo, tena cha bure. Hapo hakuna cha kufanya zaidi ya kumpumulia kwa mashine mpaka sinapsi zijirekebishe. Waliomzuia asirudi nyumbani siku ile alipoomba uji ndio waliomponya.

---

BabaKaya_Bahi

Mmh. Hongera kwa maelezo mkuu. Sisi huku mtu akizidiwa na dawa tunampa maziwa fresh kwanza, ndiyo tunatafuta usafiri. Nalo halisaidii?

---

TabibuWaZamu

Halisaidii, baba. Sumu imepitia ngozi ya mgongo, maziwa yako tumboni yataikuta wapi? Hata aliyeinywa, maziwa hayaifikii ile iliyokwisha ingia kwenye damu, na mtu aliyelegea koo ukimnywesha yanaelekea mapafuni. Nimeshapokea mgonjwa ambaye sumu tungeiweza, maziwa ndiyo yaliyomharibu kifua.

Mvue nguo zote. Mwoshe kwa maji mengi na sabuni, nywele na chini ya kucha pia, na wewe unayeosha vaa mifuko ya nailoni mikononi kama glavu hakuna, maana itakupitia na wewe. Usimtapishe. Njoo na kopo la dawa au lebo yake. Hilo la kopo nalisisitiza: kuna dawa nyingine huitwa oksimu ambazo zinaweza kuking'oa kile kipande cha fosfeti kutoka kwenye kimeng'enya, lakini zikiwahi. Zikichelewa, kifungo kinakomaa na hakitoki tena. Kujua ni dawa gani kunaokoa muda.

---

FundiUmeme_Kizota

Tabibu nimekubali, shoti naiondoa. Ila swali la kifundi: kwa nini kuweka mwanya kabisa? Mimi nikikata waya katikati na kuweka maji ya dawa, mwenye nyumba atanifukuza. Si ingekuwa waya moja kwa moja mpaka kwenye msuli?

---

TabibuWaZamu

Swali zuri, na jibu utalipenda. Uzi wa neva ni mwembamba sana ukilinganisha na uzi wa msuli. Mkondo wake hautoshi kuamsha msuli mzima, ungepotea hivi hivi. Kemikali ndiyo inayokuza: neva inaleta amri ndogo, vifuko makumi kadhaa vinamwagika, vipokezi vingi vinafunguka, na nguvu ya kuamsha msuli inatoka kwenye sodiamu ya msuli wenyewe. Hapo hapo unapata mwelekeo mmoja, kwa sababu vifuko viko upande huu na vipokezi upande ule. Msuli hauwezi kurudisha amri kwenye neva.

Na ubongoni mwanya ndio penye uamuzi wote. Seli moja ya neva inaweza kupokea sinapsi maelfu. Nyingi zinaamsha, kemikali yao ni glutameti. Nyingine zinatuliza, kemikali yao mara nyingi ni gaba. Sinapsi moja peke yake kwa kawaida haitoshi kuiamsha seli. Seli inajumlisha: ndani yake umeme ukiwa umetulia ni kama milivolti 70 chini ya sifuri, wanaoamsha wanaupandisha, wanaotuliza wanaushusha, ukifika kizingiti inafyatua ishara, usipofika inanyamaza. Waya wa moja kwa moja haujumlishi kitu.

---

FundiUmeme_Kizota

Kumbe ni kontakta! Mkondo mdogo unaruhusu mkondo mkubwa wa laini nyingine. Ungesema hivyo mwanzo tusingesumbuana. Na kontakta ikiganda haiachii, mota inazunguka mpaka inaungua. Ndiyo ya shemeji hiyo.

---

Anatomia_Mwaka2

Shikamoo tabibu. Niko mwaka wa pili hapa Dodoma, mtihani uko karibu na uzi huu umenisaidia kuliko slaidi. Mawili tu. Umesema umeme hauruki, lakini tumefundishwa kuna sinapsi za umeme. Na hivi vifuko, watu walijuaje vipo kabla hawajaviona?

---

TabibuWaZamu

Marahaba mwanangu. Zipo. Furshpan na Potter walizionyesha mwaka 1959 kwa kamba wa maji baridi, kwenye njia ya neva inayomfanya akurupuke akishtuliwa. Pale seli mbili zimesogeleana nanomita 3 hivi na zimeunganishwa kwa vijia vinavyopitisha ayoni moja kwa moja. Hata kwenye ubongo wetu zipo sehemu sehemu. Lakini kati ya neva na msuli wa paja la mtu hazipo, na huko ndiko tulikokuwa na fundi.

Swali la pili ndilo tamu. Bernard Katz na wenzake, London, miaka ya mwanzo ya 1950, walichomeka sindano nyembamba ya kioo kwenye msuli wa chura, hasa pale neva inapokutana nao. Neva haijachokozwa, kumetulia. Wakaona vipigo vidogo vya umeme, kama nusu ya milivolti, vinatokea vyenyewe, ovyo ovyo, na karibu vyote ukubwa mmoja. Kisha wakapunguza kalsiamu ili neva ikichokozwa imwage kidogo sana. Majibu ya msuli yakawa kipigo 1, au 2, au 3, au hakuna kabisa. Hawakupata kipigo kimoja na nusu. Kama kemikali ingekuwa inavuja tu kidogo kidogo, ungepata kila ukubwa. Kwa hiyo inatoka kwa mafungu. Darubini za elektroni nazo zikaja kuonyesha vifuko vimejipanga kwenye ncha, na Katz akawa mmoja wa waliopata Nobel ya mwaka 1970. Mimi huwa nasema jaribio hili ndilo zuri kuliko yote katika somo lote la neva, kwa sababu jibu limetoka kwenye kuhesabu. Kwenye mtihani usiandike hivyo, andika kalsiamu.

---

Mjukuu_Kondoa

Samahani kuingilia. Babu ana ugonjwa wa kusahau, wa Alzheimer, kaandikiwa donepezili. Jirani amesoma mahali akasema ni ukoo mmoja na dawa ya wadudu, bibi sasa anazificha. Ni kweli?

---

TabibuWaZamu

Jirani amesoma mstari mmoja akaacha wa pili. Ukoo si mmoja, ila zote mbili zinagusa asetilikolinesterasi. Kwa ugonjwa wa babu, seli za ubongo zinazotengeneza asetilikolini zinapungua, kwa hiyo daktari anakipunguza kasi kimeng'enya ili ile kidogo iliyobaki ikae mwanyani muda zaidi. Tofauti iko hapa: donepezili inakishika kimeng'enya na kukiachia, na kipimo ni cha miligramu chache kwa siku. Oganofosfeti inaganda. Njia hii si ngeni, tangu mwaka 1934 daktari Mary Walker kule London aliitumia kumwinua mgonjwa wa misuli kulegea, kwa dawa iliyotokana na haragwe la Calabar, ambalo nalo likiliwa linaua.

Donepezili haiponyi, inasaidia kiasi. Kwa kuwa njia ni ile ile, madhara nayo yanafuata njia ile ile: kichefuchefu, kuharisha, moyo kwenda polepole. Babu akianza kuzirai au mapigo yakishuka, mrudisheni kwa daktari wake. Na kama babu bado analima, asipulizie dawa ya wadudu. Bibi azirudishe, ila aendelee kuzitunza yeye, maana msahaulifu anaweza kumeza dozi ya leo mara tatu.

---

Shamba_Mpunguzi

Tabibu, ubarikiwe. Nimemsomea baba watoto yote, na mama mkwe nimemtafsiria kwa Kigogo mpaka pale pa ndoo, amecheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Shemeji anasema amepona na Jumamosi anataka kurudi na bomba, ubwiriunga umeanza kuonekana kwenye vichipukizi. Mimi nimekataa. Nimekosea?

---

TabibuWaZamu

Hujakosea, mshikilie hapo hapo. Anajisikia mzima kwa sababu kimeng'enya kilichorudi kinatosha kwa mahitaji ya leo, akiba bado hana. Kile kilichokomaa na sumu hakifunguki, mwili unatengeneza kipya, na huo ni mwendo wa polepole. Kwenye chembe nyekundu za damu, ambako hupimwa, kinarudi kadiri chembe mpya zinavyozaliwa, na chembe moja inaishi siku 120 hivi. Akigusa dawa sasa, kiasi ambacho zamani kingemletea kichwa kuuma tu kinaweza kumrudisha kwenye mashine. Na asidanganywe dukani kwamba kabamati, kundi jingine la dawa za wadudu, ni salama kwake. Nazo zinakamata kimeng'enya hicho hicho, ingawa zinakiachia ndani ya saa kadhaa. Aombe kipimo cha kolinesterasi atakaporudi kliniki, kikiwa chini asubiri, na msimu huu wote asishike dawa ya wadudu ya makundi hayo mawili.

Ubwiriunga ni kuvu, dawa yake ya kawaida ni salfa, na salfa haimo kwenye mambo haya ya sinapsi. Inawasha macho na kifua, kwa hiyo apulizie mwingine, asubuhi mapema, siyo kwenye lile jua, akiwa na shati la mikono mirefu na kitambaa usoni. Bomba lile msilitumie hata kwa salfa kabla hamjalisuuza mara kadhaa, mbali na kisima, na mpira wa mfuniko mbadilishe. Ile fulana ichomwe. Najua ataitetea.